Kizibo Mfukoni mwa Mama Boya

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye viti vya boti, Mama Boya anapita mbele ya watu hamsini na watatu kama mwalimu wa zamu. Mkono mmoja umeshika kipaza sauti kilichoisha betri. Mwingine uko mfukoni, na hautoki.

"Jamani, nataka watu watano tu!" anapaza sauti yake mwenyewe, ambayo haijawahi kuhitaji betri. "Nahodha, mabaharia wawili, fundi na msafishaji. Aliyekuja kupiga picha na boti apige sasa, kisha atupishe."

Watu wanacheka. Wawili wanapiga picha kweli.

Boti yenyewe ni mpya, nyeupe, ya kubeba watalii thelathini, imekaa juu ya tela kwenye mteremko wa saruji unaoingia majini. Jumamosi inatakiwa kutoka na wageni wake wa kwanza. Mwenye biashara ameshasema: Mama Boya akipata wafanyakazi wa kuaminika, yeye ndiye atakayeisimamia. Akishindwa, boti itakodishwa kwa kampuni nyingine, naye atarudi kwenye karai.

Karai hilo analijua vizuri. Kwa miaka tisa amefua jaketi okozi za wageni na kushona mikanda iliyokatika, kwa malipo ya kutwa. Siku ya mvua hapakuwa na wageni, wala malipo. Vijana wa gatini ndio waliompa jina hilo kwa kumkejeli, maana mtaani boya ni mtu mjinga.

"Nikawaambia sawa, niiteni tu," anasema huku akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Boya haliendi chini. Wajanja wakianza kuzama, watalitafuta wenyewe."

Kazi ya kuajiri, anasema, ingekuwa rahisi kama watu wasingekuwa na ndugu. Tangu atangaze nafasi hizi simu yake haijapoa. Mama mkwe amempigia mara tatu kumkumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji.

"Nikamwambia, mama, nakuheshimu sana, lakini hii kazi yenyewe ni ya maji."

Na kweli, mdogo wa mume wake yumo kwenye foleni. Amevaa tai nyekundu na viatu vinavyong'aa, na anaomba unahodha, ingawa usukani alioushika mpaka leo ni wa baiskeli.

"Shemeji, si tunafahamiana?" ananong'ona.

"Nyumbani wewe ni shemeji. Hapa ni namba kumi na nne. Rudi kwenye mstari."

Mtihani wa Mama Boya hauna karatasi. Kila kundi linaikagua boti, kisha linasema kama iko tayari kushuka majini. Nyuma, kwa chini, pana tundu dogo la kutolea maji boti inapokuwa nchi kavu. Lazima lizibwe kabla ya kuishusha. Kizibo chake, saizi ya kidole gumba, ndicho kilichofichwa mfukoni.

Kundi la kwanza linagusa injini, linavuta kamba, linanusa mafuta. "Tayari, mama!" Anawaonyesha kizibo, nao wanaangaliana. Kundi la pili ni yale yale, na mmoja anauliza kama ni cha chupa ya chai.

Katika kundi la tatu, alimo pia namba kumi na nne, dada mmoja mwenye ovaroli, fundi wa pikipiki, anapiga magoti nyuma ya boti na kuingiza kidole.

"Mama, hapa pako wazi. Kizibo kiko wapi?"

Mama Boya anaruka juu. Anapiga kelele, anamkumbatia fundi na grisi zake zote. "Umepata kazi! Nani kakufundisha wewe? Pandeni, pandeni wote, niwaone majini!" Furaha yake haina breki. Kundi zima, na Mama Boya mwenyewe, linavaa jaketi okozi, pikapu inasukuma tela majini, boti inaelea, na mzee mmoja aliyestaafu unahodha wa kivuko anashika usukani.

Kizibo bado kiko mfukoni.

Hawajafika mbali na gati, mama aliyeomba kazi ya usafi anatazama miguu yake. "Samahani, ni mimi peke yangu, au na nyie soksi zimelowa?"

"Mama, si ulikiweka?" fundi anauliza.

"Mimi? Si wewe uliyekiulizia?"

Mama Boya anapapasa mfuko: kimo. Kizibo hicho hufungwa kwa nje, na nje sasa ni maji matupu.

"Wote mbele," anasema nahodha mstaafu bila kuinua sauti. "Taratibu. Hakuna kukimbia." Watu wanasogea, nyuma ya boti inanyanyuka kidogo, naye anaigeuza kuelekea gatini. Mama wa usafi ameshapata ndoo na anachota maji kama anayedaiwa.

Hapo ndipo namba kumi na nne anapopiga magoti majini na viatu vyake vinavyong'aa. Anavua tai, anaikunja, anaisokomeza tunduni.

"Na nimeiazima!" analalamika, huku akiishindilia kwa kidole gumba.

Maji yanapungua mpaka kuwa ya kuchuruzika. Kijana mmoja mrefu anarusha kamba gatini mara moja tu, na inanasa. Na nani amesimama pale, mikono kiunoni? Mwenye biashara.

Mama Boya angeweza kumsingizia fundi. Badala yake anashuka, gauni limelowa mpaka magotini, anakitoa kizibo na kukiinua kila mtu akione.

"Kosa ni langu, bosi. Hawa hawana hatia."

"Na langu," anasema fundi. "Niliuliza, sikusubiri jibu."

"Nilikutuma utafute wafanyakazi," bosi anamwambia Mama Boya, "sikukutuma unizamishie boti."

"Nimewapata, bosi."

"Wako wapi?"

"Hawa watano waliolowa kuliko wote."

Bosi anawatazama mmoja mmoja. "Na huyu asiye na tai?"

"Huyo ni shemeji yangu. Nilikuwa nimeshapanga kumnyima."

Kisha mmoja wa waliokosa anapaza sauti kutoka nyuma: "Mpe ubaharia! Mimi ningekuwa nimesharuka zamani!" Gati zima linaangua kicheko, na bosi, aliyekuwa akijitahidi kukunja uso, anashindwa. Anachukua kizibo na kumkabidhi fundi. Jumamosi, anasema, wageni wasikute maji ndani ya boti.

Sasa wanafanya mazoezi kila asubuhi. Fundi akifunga anapaza sauti, "Kimewekwa!" Baharia hajibu mpaka akiguse kwa mkono wake.

Mama Boya hafichi hofu yake. "Jumamosi nitakuwa gatini roho mkononi, nisikudanganye. Ila ninachokitaka hasa ni siku moja nilale mpaka jua linikute kitandani, niisikie boti ikiondoka na wageni, kisha nigeukie ukutani nilale tena. Siku hiyo ndiyo nitajua kwamba niliajiri watu."