Debe la Samli

Watu wa kupiga dawa ya nzige walipong'oa hema zao Garsen waliacha nyuma madebe matupu, na mimi, dresa wa dispensari, mfunga vidonda na mgawa dawa, msomi wa kutegemewa, ndiye niliyetangulia kuokota. Miaka ile ya hamsini debe lilikuwa mali. Langu lilinuka mafuta ya taa na kitu kingine kikali, na ubavuni lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa. Maana ya picha ile niliijua. Nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka fuvu likafutika, nikajiona nimemaliza kazi.

Debe hilo nikampa mke wa rafiki yangu. Sisi Wapokomo wa mtoni, kila nyumba ilikuwa na rafiki yake Muorma, na urafiki wetu sisi wawili tuliurithi kwa baba zetu. Kiangazi aliteremka na ng'ombe, akatupa maziwa na samli, nasi tukampa mahindi na ndizi. Mkewe alilinusa lile debe akakunja uso.

"Lifukize tu, kama unavyofukiza vibuyu vya maziwa," nikamwambia.

Akalifukiza siku tatu kwa zile kuni zao zenye harufu nzuri. Nilipopita tena akanisogezea ninuse.

"Harufu hakuna tena," akasema, nami nikamsifu.

Alilijaza samli, na chupa ya kwanza akanipa ya mke wangu, aliyekuwa kwa mama yake, kijijini Chara, akisubiri kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mzazi hunyweshwa uji wa samli apate nguvu na maziwa. Niliipeleka mwenyewe kwa mtumbwi, nikarudi kazini nikiwa na furaha ya kijinga.

Mtoto alipokuwa na wiki chache, mkulima mmoja wa Kulesa aliangushwa na degedege shambani. Mtu mzima mwenye ndevu, degedege. Nilimpima, hana homa. Nikampa kwinini kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo, akaanguka tena. Kisha akaletwa msichana wa nyumba nyingine, halafu mzee wa nyumba ya tatu, wote wakitetemeka, wote bila homa. Watu wakaanza kutaja mashetani. Mimi sikuwa na jina bora la kuwapa, na hilo lilinitisha.

Nikachukua daftari, nikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza wanakunywa nini na wanakula nini. Maji yote yalikuwa ya Tana, samaki ni wale wale. Nyumba zenye wagonjwa hazikuwa hata majirani. Kilichonishangaza ni mjane aliyeishi ua mmoja na yule mkulima, mzima kabisa.

"Mama, kuna kitu wanachokula wenzako wewe huli?"

"Tunakula chungu kimoja, mwanangu. Samli tu ndiyo sili. Inanichafua tumbo."

Niliwauliza wenye wagonjwa samli yao inatoka wapi. Nyumba zote tatu zikanitajia mtu mmoja, rafiki yangu.

Hata hapo nilijidanganya. Nikaomba samli kidogo, nikaikanda na unga nikampa kuku mmoja. Mwenzake nikampa unga mtupu. Kesho yake alasiri yule wa samli alikuwa amelala ubavu akipiga mabawa, shingo imejipinda nyuma. Wa pili alikuwa akichakura vumbi pembeni yake. Niliwatazama nikiiwazia chupa ya Chara.

Kivukoni nilimkuta rafiki yangu akinywesha ng'ombe. Nikamwambia samli yao imeharibika, waimwage yote na wazionye nyumba zote walizozipa. Debe waliache dispensari, nilipeleke kwa daktari. Kwamba sumu ilitoka kwenye debe nililompa mkewe, sikusema. Nilipolipata baadaye nililizika, na daktari hakuliona.

Nilifika Chara siku ya pili. Chupa ilikuwa karibu tupu. Mama mkwe alikuwa ameibana vizuri, kijiko asubuhi, kijiko jioni, isipotee hata tone. Mke wangu mikono ilikuwa ikimtetemeka. Mtoto alikuwa kifuani pake, amekaza ngumi, macho yamegeuka juu. Nilikuwa na begi la dawa begani, na hamkuwa na kitu ndani yake cha kumfaa. Mtoto alituacha siku ya tatu. Mama yake alipona, ingawa kwa muda mrefu hakuweza kushika kikombe bila kumwaga.

Rafiki yangu alikuja kwa miguu kutoka Garsen kutupa pole. Alisimama mbele ya wazee wa Chara, vumbi hadi magotini.

"Rafiki, mimi naomba nisamehe," akasema. "Samli ilitoka nyumba yangu. Mke wangu analia tu. Anasema samli tena hafanyi."

Wote walinigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na ulimi mzima.

"Nimekusamehe," nikamjibu.

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru.