Saa ya Bosi Inayotembea

Bosi wangu alitaka saa. Ofisi yetu ya Ruangwa ilikuwa inaandikisha wagonjwa kwa ajili ya madaktari wanaokuja kutoa mtoto wa jicho, nafasi chache, na mimi ndiye niliyetengeneza ukurasa wa kujiandikisha mtandaoni. Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta. Hilo, kwa wagonjwa wa macho, aliliona sawa. Kilichomkosesha raha ni saa. "Itembee, sekunde zionekane! Na iwe ya kisasa, siyo hizo saa zenu za kijijini za kuhesabu toka macheo." Ebo! Mtu amekulia Kilimarondo anafukuza ngedere shambani, leo saa ya mama yake inamtia aibu.

Nikamwekea saa yake, kubwa, rangi ya dhahabu. Ilifuata saa ya simu ya anayeitazama. Ikifika 08:00 fomu inafunguka yenyewe, kabla ya hapo inaandika, "Bado. Subiri." Bosi akaita ofisi nzima waione ikitembea, wakapiga makofi. Watu wazima na akili zao wanaishangilia saa, na kila mmoja anayo mkononi!

Mama yangu yuko Nambilanje. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshaziba, la kushoto linafuata. Nilimwambia ajaribu saa mbili kamili asubuhi. Jioni nikampigia. Akasema amekosa: fomu imefunguka saa nane mchana, nafasi zimejaa.

"Saa nane? Wenzako wamejiandikisha asubuhi!"

Kesho yake nikapanda pikipiki toka Ruangwa, nimevimba, tayari kumtukana bosi na saa yake. Nikaishika simu ya mama. Ilikuwa saa nne asubuhi, nayo inasema 04:00. Nilipomnunulia ile simu, mama aligoma kutoa sita kila akitaka kujua muda, nami nikamrudishia saa nyuma kwa mkono wangu mwenyewe. Wazazi wengi wa huku simu zao ziko hivyo, na nalijua hilo. Nyani haoni kundule. Fundi mzima, bure kabisa!

"Sasa mama, saa mbili ilipopita na fomu haijafunguka, mbona hukunipigia?"

"Si iliandika nisubiri?" akasema, akinitafuta kwa lile jicho moja. "Nikajua umeandika wewe, mwanangu. Nikasubiri."