Njia Tuliyoichimba Pana

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya tyubu, ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumapili nyumbani kwetu Katesh, miaka michache kabla ya Uhuru. Baba alikuwa fundi cherehani, na barazani petu ndipo walipokutania wanachama wa chama cha baiskeli, wanaume kumi na mmoja waliozipenda baiskeli zao kuliko wake zao. Mama ndiye aliyesema hivyo, na hakuwa anatania. Walizamisha tyubu kwenye beseni letu la kuogea kutafuta pancha, wakapaka minyororo mafuta ya cherehani ya baba, wakasugua madigadi kwa majivu mpaka yakang'aa, kisha wakaondoka kwa msururu kuelekea Endasak huku wakipiga kengele bila sababu yoyote. Sisi watoto tuliwakimbilia mpaka pumzi zikatuishia. Nilidhani hakuna watu wakubwa duniani kuliko wale.

Lakini kilichowakusanya hasa hakikuwa mbwembwe, kilikuwa woga. Karibu na Gendabi barabara ilibanwa kati ya kilima na korongo, na malori ya nafaka yalipita hapo bila kumjali aliye mbele. Msimu mmoja waligongwa wanachama wawili, na mmoja hakuamka tena. Baba alipita hapo kila siku ya mnada, kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye keria, na siku hizo mama hakutia kitu kinywani mpaka amwone amerudi. Chama kikaomba kwa wakubwa wa serikali njia ya baiskeli pembeni, juu kidogo ya barabara. Jibu likaja kwamba wakiitaka waichimbe wenyewe. Basi wakaichimba, kiangazi kizima, kwa majembe yao, na wake zao wakasomba mawe na kuwapelekea uji.

Ubishi ulikuwa mmoja tu, juu ya upana. Mwenyekiti, mwalimu Tluway, alitaka njia nyembamba ya kutosha baiskeli moja. Baba akakataa katakata.

"Mwalimu, nikikutana na mzee njiani, nimwamkie nikiwa nimekaa juu?"

"Utashuka."

"Nikishuka na baiskeli yangu, aliye nyuma yangu apite wapi? Kwenye malori?"

Wote wakacheka, wakakubaliana naye, kwa sababu kwetu kumpa mzee shikamoo ukiwa juu ya baiskeli kulikuwa sawa na kumtukana. Wakapima kwa kusimama wenyewe. Mzee hakuwapo siku ile, wakanichukua mimi, mtoto wa miaka tisa, nikasimama mahali pa mzee. Baba akasimama kando yangu na baiskeli yake, na mwingine akatupita akiendesha. "Shikamoo, bibi," baba akaniambia, nami nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito, watu wakavunjika mbavu. Wakachora mstari miguuni pangu, na upana wa njia ukawa huo. Mpaka leo najichukia kwa raha niliyoiona siku ile.

Masika yalipofika, barabara ikawa tope tupu, lakini njia yetu, tuliyoishindilia kwa mikono, ilibaki ngumu. Dereva mmoja akaijaribu, akaona lori linaenea. Haikupita wiki mbili malori yote yakawa yanapita huko huko. Baba na wenzake wakaweka mawe makubwa mwanzoni mwa njia. Akaja msimamizi mmoja wa barabara, akaamuru yaondolewe, akasema njia pana namna ile ni barabara, na atakayeiziba tena atalala ndani. Wanachama wakanywea. Wengine walirudi kusukuma baiskeli kwenye tope la barabara ya zamani, lakini baba akaapa kwamba hawezi kukanyaga tope wakati njia ameichimba yeye.

Ilikuwa asubuhi ya mnada, jua limechomoza vizuri. Baba alikutana na Mzee Gidamuda, mfugaji wa Gendabi tuliyekuwa tukinunua maziwa kwake, akashuka kumwamkia. Mzee mwenyewe ndiye aliyetusimulia, ameketi kwenye mkeka wetu. Lori lilitokea kwenye kona. Mzee aliwahi kuruka, lakini baba hakuiachia baiskeli, maana cherehani ilikuwa nyuma. "Alikuwa ananiuliza habari za ng'ombe," mzee alirudia mara nyingi. "Ananiuliza ng'ombe tu."

Baba alipona, lakini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Hakukanyaga tena cherehani wala pedali. Wanachama walikuja kumpa pole kwa miguu, baiskeli wameziacha makwao kwa aibu, na baada ya hapo sikuwaona tena wamekaa pamoja. Yule dereva aliyemgonga baba nilimchukia, na yule msimamizi nilimchukia zaidi. Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba baba alikufa miaka mingi baadaye akiamini kosa lilikuwa lake, na hakuna aliyemwambia si kweli. Mama hakumwambia. Mimi pia sikumwambia.

Siku hizi pale pana lami, nayo imelala juu ya njia yetu hasa. Barabara ya zamani imemezwa na korongo. Pikipiki zinapita mfululizo, na waendeshaji hawashuki kumwamkia mtu, wanapiga honi tu. Baiskeli sasa zinasukumwa kwenye majani pembeni. Mwaka jana vijana wenye chama chao kipya walikuja kwangu na karatasi zao. Wanadai njia ya baiskeli kando ya lami, wakataka ushauri wa mtu aliyeiona ile ya kwanza. Waliniamkia vizuri, wakakaa. Nikawaambia waifanye nyembamba, ya baiskeli moja tu, isizidi hata kidole. Msichana mmoja aliyekuwa anaandika akainua kichwa.

"Bibi, na watu wakikutana je? Watasalimiana wapi?"

"Wasisalimiane," nikamwambia.