Kichwa cha Girija

Nabintu alikuwa msusi, na mdomo wake ulikwenda kasi kuliko vidole vyake, jambo ambalo si dogo, maana vidole hivyo vilijulikana mtaa mzima wa Chaussée d'Ixelles, mjini Brussels. Aliikimbia Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita, na sasa alikuwa na kiti chake katika saluni ndogo karibu na Porte de Namur. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na yeye alijihesabu kuwa keshayaona yote.

Jumamosi moja ya mwaka wa tisini na nane akaingia mwanamke wa Kihindi, amevaa sari chini ya koti zito, amemshika mkono binti wa miaka sita.

"Jambo, maman," alisema. "Bon, natafuta muntu wa kufumua nywele ya mutoto."

Nabintu akabaki na kitana hewani. Kiswahili kile kilikuwa cha Bukavu kabisa.

Mwanamke yule aliitwa Durgavva. Zamani alipelekwa Bukavu kulea watoto wa mfanyabiashara wa Kihindi, akaokota Kiswahili jikoni. Uporaji wa mwaka wa tisini na moja ulipoifukuza familia ile, alikuja nayo Brussels, kisha akajitenga nayo. Sasa alisafisha ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord na kuishi kitongoji cha Evere na binti yake Girija, aliyezaliwa hapahapa na asiyejua Kiswahili. Baba wa mtoto hakutajwa, na Nabintu, kwa mara moja maishani, hakuuliza.

Durgavva akamvua mtoto kitambaa cha kichwa. Kisogoni nywele zilikuwa zimeshikana zikawa fundo gumu kama kamba ya katani, na fundo lilinuka manjano. Nabintu akachukua mkasi.

"Hii inakatwa tu, maman. Itaota tena."

Durgavva akamshika mkono. "Hapana. Ukikata, kwetu watasema mutoto amemukosea mungu. Fumua."

Nabintu akamwaga mafuta, akaanzia nchani. Durgavva akasimulia kwa sauti ya chini. Kijijini kwao, kusini mwa India, nywele za msichana zikishikana hivyo, watu husema mungu wa kike Yellamma amemchagua. Hachanwi tena. Hupakwa manjano, hupelekwa hekaluni, hufungwa shanga shingoni, huozwa kwa mungu. Na bibi arusi wa mungu haolewi na mtu, ila akivunja ungo tu, mwenye mashamba humchukua, na akimchoka humwachia mwingine. Serikali ilishapiga marufuku, lakini watu hawakuacha. Durgavva mwenyewe alifungwa shanga akiwa mdogo kama Girija. Baadaye alipelekwa Bombay, kwenye nyumba aliyoiruka katika maelezo yake, na Nabintu akaelewa ni nyumba ya aina gani.

"Sasa dada yangu mukubwa anapiga simu. Anasema mungu amemukamata Girija, nimulete."

"Na hii manjano?"

"Ni mimi nilipaka." Durgavva aliinamisha macho. "Niliogopa nisipopaka atakufa. Nalia, halafu napaka."

"Alors, leo umekujia nini?"

"Jana aliomba kuenda kuogelea na wenzake wa masomo. Nikasema hapana, nywele ni ya mungu. Nikasikia ni sauti ya mama yangu inatoka mu kinywa yangu."

Nabintu akaongeza mafuta, akaendelea kufumua. Papo kwa papo kamba hukata jiwe: mchana ulipokuwa ukiisha fundo likalegea, nywele zikamwagika mabegani mwa mtoto, nyeusi, laini, nywele tu. Girija akazipitisha vidoleni, akacheka.

Ndipo Durgavva akakaa kwenye kiti na kuvua kitambaa chake mwenyewe. Fundo lake lilikuwa nene kama mkono, limeshuka hadi kiunoni, limekua naye tangu utotoni.

"Hii haifumuke," Nabintu alinong'ona.

"Najua. Hii ukate."

"Haumuogope huyo mungu wako?"

"Namuogopa sana. Na ninamupenda." Alijitazama kwenye kioo. "Mutoto hakukata kitu. Kama mungu anataka kukasirika, anione mimi."

Nabintu alikuwa Mkatoliki, amesali tangu udogo wake, akimwomba Mungu hiki na kile. Hakuwahi kuona mtu akimpenda mungu wake na kumwogopa, kisha akasimama kati yake na mtoto. Alihisi yuko mahali patakatifu, palepale penye harufu ya mafuta na nywele zilizoungua. Akafanya ishara ya msalaba, kisha akakata.

Lile fundo likaanguka sakafuni. Hakuna aliyeligusa. Durgavva alifumba macho, akangoja, na hakuna kilichotokea.

Girija akazunguka kiti, akaweka kiganja chake nyuma ya kichwa cha mama yake, mahali ambapo hakuwahi kupaona.

"Mama," alisema kwa Kifaransa, "kumbe una shingo."