Kuku Aliyetagia Kwenye Injini

Mume wa Mama Mapazia alimdanganya mkewe mbele ya ukoo mzima, na hilo lisemwe kwanza kabla ya vicheko. Siku ya kugawana mali baada ya kuachana, mtu aliyeanza naye maisha na sufuria moja alibeba kitanda, friji na runinga akavipeleka kwa mke mpya. Kisha akawaongoza wazee hadi uani, kwenye gari lake jekundu, fupi, la viti viwili, lililokuwa limelala pale tangu liharibike. Akafungua boneti. Ndani mlikuwa na tairi la akiba na utando wa buibui.

"Injini nilishaiuza," akasema. "Lakini msije mkasema nimemwacha mikono mitupu. Nimemwachia gari!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba wa mume, mkubwa wa kikao, hakucheka. "Basi ni la huyu mama. Umetamka mwenyewe."

"Likitoka uani kwa nguvu zake, mjomba, ni lake milele. Lisipotoka, mvua zikianza nakuja kulivuta. Nisimjazie uchafu mtoto wa watu."

Mama Mapazia, aliyeitwa hivyo maana alishona mapazia ya nusu ya mtaa, aliamini. Angejua nini? Gari lile hakuwahi kulipanda. Kiti cha pili kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yeye. Alilifunika turubai, na kila asubuhi akipita analisonya badala ya salamu.

Aliyemfumbua macho ni kuku. Kuku wake mweusi alikuwa na tabia ya kupotea, kisha anachomoka uvunguni mwa gari akitangaza kwamba ametaga. Mama Mapazia akamsaka. Mbele hayupo, ndani hayupo. Akazunguka nyuma ya viti, akainua kifuniko chenye matundu alichodhani ni cha mizigo. Kuku alikuwa ameketi kwa heshima zake zote, juu ya injini.

"Wifi!" Sauti iliruka ukuta. "Wifi wee, njoo uone mambo ya kaka yako!"

Wifi yake, dada wa yule mume, alikaa nyumba ya pili na tangu kikao kile alikuwa hasemi na kaka yake. Akaja na mwiko mkononi. Akatazama, akamtazama kuku, akatazama tena.

"Hii si injini?"

"Ulidhani jiko?"

"Mgongoni?"

"Mgongoni, wifi, kama mtoto wa kubebwa!"

Walicheka mpaka wakaketi chini. Halafu Mama Mapazia akakatisha kicheko, kwa sababu alikuwa ameelewa. Mtu yule hakuuza kitu. Alimwekea gari alitunze, aje alichukue zima akipata mnunuzi. "Kumbe mimi mlinzi wake," akasema. "Tena mlinzi asiyepewa hata chai."

"Mvua hazijaanza," wifi akajibu, akikunja mikono ya gauni.

Kumwita fundi wa gereji hakukuwezekana. Fundi yule na mume walikuwa chanda na pete. Wakaanza wenyewe. Mkanda wa injini ulikuwa umepasuka, na mkanda Mama Mapazia anaujua, amebadilisha wa cherehani mara nyingi. Aliubeba hadi duka la spea akasema, "Nipe ndugu yake huyu." Mafuta ya injini yalitoka meusi, mazito kama lami. Plagi za nyuma zilijibana kwenye ukuta ulio nyuma ya viti, mahali pasipofikika ila kwa kupapasa, lakini vidole vilivyozoea kupitisha uzi chini ya sindano huku macho yakiwa kwa mteja vilizifikia. Wifi alikabidhi spana kupitia dirishani. Kila spana ikidondoka tumboni mwa gari, wanacheka, wanaivua kwa sumaku iliyofungwa kamba.

Betri ya kuazima, petroli mpya, ufunguo. Gari likakohoa, likanguruma! Wifi akapiga vigelegele, kuku akaruka ukuta. Wakakumbatiana na oili yao.

Kabla hawajaachiana, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafoka. Wakazima. Wakajaza maji, wakawasha, likachemka tena. Siku iliyofuata vilevile. Na mawingu nayo yakaanza kujikusanya.

Jumamosi matone ya kwanza yakagonga bati. Mama Mapazia akaweka sikio kwenye gari lililochemka. Rejeta ya kupoza maji iko puani, injini mgongoni, na mabomba ya maji yanapita chini ya tumbo lote. Ndani yake kitu kiligugumia.

"Wifi, unasikia? Mtoto amenyonya haraka. Tumbo limejaa upepo."

"Sasa?"

"Sasa anacheulishwa! Lete jeki."

Wakainua pua ya gari juu, kama mtoto anavyoegemezwa begani. Lilipopoa wakajaza maji, wakawasha, wakalegeza skrubu ndogo juu ya rejeta. Gari likacheua. Likatema, likacheua tena, refu, la aibu. Wifi alianguka kwa kicheko. Kisha maji yakatoka mfululizo, bila povu, na mshale ukatulia.

Ndipo gari la kuvuta likapiga honi getini. Mume akashuka na mwavuli.

"Mama Mapazia, nimekuja kukuondolea uchafu!"

 Wifi alishusha jeki, akalitupa kando turubai walilojikingia mvua. Mama Mapazia akaingia. Kuendesha alijua, kwenye pikapu yao ya zamani ndiye aliyemrudisha mtu huyo nyumbani kila alipozidiwa na kinywaji. Akatia gea, akapita kando ya mwavuli polepole ili aonekane vizuri.

Dereva wa gari la kuvuta akakuna kichwa. "Bosi, tunavuta nini? Mbona linatembea?"

Lilitembea hadi mlangoni kwa mjomba, wifi akiwa kwenye kiti cha pili, wakipiga honi kama wanapeleka bibi harusi. Mjomba akatoka na kandambili zisizofanana, akalizunguka, akasema, "Ni lake milele. Limeisha."

La gari limeisha, la mume halijaisha. Anadaiwa maneno. Aliitisha kikao akafungua boneti, akiitishe tena, mbele ya walewale waliocheka, afungue kifuniko cha nyuma kwa mkono wake na aseme, "Nilidanganya." Mpaka leo hajasema.