Mama Mkwe na Karata za Wakati wa Mvua

Mama mkwe alikuja Sumbawanga kutoka Chala kutibiwa macho, akiwa na kiroba cha maharage, unga wa ulezi na rozari yake shingoni. Ilikuwa Januari, mvua ikinyesha kila alasiri, na umeme ukikatika kila radi ya kwanza ilipopiga. Siku nyingine ulikatika kabla ya radi, kwa tahadhari tu.

Mume wangu bila televisheni ni mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, huku akimuuliza kila mtu kama majirani wana umeme, ingawa nyumba yao aliiona mwenyewe, nayo ilikuwa giza kama yetu. Ndipo binti yetu akatoa karata.

Tulikaa mkekani karibu na jiko la mkaa, tukacheza lasti kadi, ambayo anayemaliza karata zake kwanza ndiye mshindi. Sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba anayeshindwa anapika chai. Mama mkwe alikwishafunika kioo na televisheni kwa vitenge, maana kwake radi hupenda vitu vinavyong'aa. Akatupa mgongo, akaanza kusali.

"Karata ni za walevi wa kilabuni," alisema bila kugeuka. "Mimi kwangu hazijaingia."

Siku iliyofuata kiti chake kilikuwa kimegeuka kidogo. Siku nyingine kikageuka zaidi. Mara tukasikia sauti juu ya vichwa vyetu: "Si uweke hiyo nyekundu! Unaificha ya nini?"

Binti yetu akacheka. "Bibi, karibu mkekani."

"Nakaa tu niwaangalie," alisema, na huku tayari anakunja miguu na kunyoosha mkono apewe karata.

Mwanzoni alishindwa, na mwanawe akamsamehe chai kwa sababu ya umri. Kisha akaanza kushinda. Alishinda mpaka mume wangu akawa hatoki jikoni, macho mekundu kwa moshi, akitwanga tangawizi na kulalamika kwamba karata hazijachanganywa vizuri. Mama alipokea kikombe kwa upole, akamwambia kuwa leo sukari imekolea kuliko jana.

Siri yake niliigundua siku ya mvua ya mawe. Bati lilipiga kelele hata tukawa tunaongea kwa kupayuka. Radi ikapasua, na mama, kama ilivyokuwa kawaida yake, akasema, "Tusali!" Tukainamisha vichwa na kufumba macho. Sijui ni shetani gani aliyenifumbua jicho moja. Nilimwona mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, akifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akisukuma karata mbili chini ya kitenge chake.

Tukatazamana.

"Mkwe wangu," aliniambia taratibu, "umesali vizuri?"

"Vizuri, mama."

Ningesema nini? Kwa miaka yote ya ndoa nilikuwa namwogopa mwanamke yule, nikipiga magoti kumsalimia na kupima kila neno. Mchezo uliofuata nilihisi kitu kikisukumwa chini ya goti langu. Ilikuwa joka, karata ambayo kila mtu huiomba. Nikashinda. Mume wangu akaenda kupika chai, sisi wawili tukatazama makaa kwa utulivu mkubwa.

Ni umeme uliotusaliti. Uliwaka ghafla, mume wangu akapiga kelele za furaha, na mama akainuka haraka kwenda kuondoa kitenge kwenye televisheni. Alipoinuka, karata zikamwagika kutoka kiunoni kama maembe yaliyotikiswa mtini.

"Mama!" alisema mwanawe.

Mama akazitazama. "Hata mimi nashangaa. Labda ni upepo."

Milango na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Binti yetu akaanza kucheka, nikafuata, na mwishowe mama mwenyewe akakaa chini akicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mpira ulikuwa unaendelea kwenye televisheni, wala hakuna aliyeutazama.

Kesho yake mvua iliporudi, mume wangu aliweka masharti. Mama akae kwenye stuli, mikono ionekane, na radi ikipiga kila mtu asali macho wazi.

"Huko ni kumkosea mzazi heshima," alisema mama, lakini akakaa kwenye stuli na kukunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko.

Akashinda tena. Nilimkodolea macho mwanzo hadi mwisho, na mpaka leo sijui alifanyaje.