Firigisi ya Baba Neema

Jamani, leo nimemwita mume wangu jina ambalo hata siku ya harusi sikuthubutu.

Tangu Jumapili alikuwa kaninunia. Eti niliwaambia kina mama wa jumuiya kwamba yeye, mzee wa kanisa mzima, anasinzia kwenye mahubiri.
(Nilisema, ndiyo. Mungu anisamehe, lakini anasinzia!)

Sasa binti yetu Neema anajifunza Kihispania kwenye simu, anataka kuongoza watalii kule hifadhi ya Kitulo. Asubuhi tukinyonyoa kuku akaniambia, "Mama, moyo kwao ni corazón. Huu wa kuku ni corazón, na umpendaye naye unamwita corazón."

Nikacheka. Sisi huku ni Baba Neema na Mama Neema mpaka kaburini.

Mchana mwenyewe karudi kutoka shamba la parachichi, bado kanuna. Nikamtengea chakula, nikapiga moyo konde:
"Karibu ugali, corazón."

Tonge likaishia njiani.
"Umeniitaje?"

Neema akamweleza maana zote mbili, huku kaziba mdomo asicheke.

Baba akaitazama sahani yake weee! Halafu akachukua firigisi, ile ambayo nyumbani kwetu haigusi mtu isipokuwa baba, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hayo ya moyo siyawezi. Kula hiyo, Mama Neema."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, ndiyo naionja leo! Bwana asifiwe. Ni ngumu kama mwenyewe, lakini ina utamu wake.

Kina mama, nyie wa kwenu mnawaitaje?